Dawa za mama zinakwama wapi kati ya kliniki na famasi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, alihamia kwangu hapa Coventry, Uingereza, mwezi wa tano akitokea Tanga. Ana presha na sukari. Anakunywa amlodipini, losatani, metformini na atovastatini. Tangu aje, dawa zimemwishia mara mbili. Nikienda famasi naambiwa hawajapokea kitu, nikiwapigia kliniki ya GP naambiwa wameshatuma. Mara ya mwisho alikaa siku nne bila kidonge cha presha. Mwezi huu tena kapewa vidonge vya rangi nyingine, hataki hata kuvigusa. Mimi nina pumu na kila dawa naichukua kwa kulipa, je na yeye atadaiwa? Desemba tunakwenda Tanga wiki sita na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Naomba uniongoze."

Jibu:

Marahaba mwanangu. Pole, na mama mfikishie pole zangu. Nimekaa nyuma ya kaunta za famasi Uingereza miaka mingi, na sasa nafanya kazi ya ufamasia ndani ya kliniki ya GP, yaani daktari wa mtaa, kwa hiyo hizo danadana unazopigwa nimeziona kutoka pande zote mbili.

Nianze na la haraka, maana huenda unasoma haya na boksi liko tupu. Mama asikae tena hata siku moja bila dawa eti mnasubiri kliniki na famasi waelewane. Sheria ya hapa inamruhusu mfamasia kutoa dawa za dharura bila agizo la daktari. Kwa dawa za aina anazokunywa mama, anaweza kutoa za hadi siku 30. Atataka kuzungumza na mgonjwa, ajiridhishe kwamba dawa inahitajika kweli na kwamba amewahi kuandikiwa na daktari. Hapo boksi la zamani lenye lebo ya famasi ya hapa linamaliza maneno, kwa hiyo msilitupe. Boksi alilotoka nalo Tanga peke yake halitoshi. Njia nyepesi ni kupiga 111, namba ya ushauri ya NHS (huduma ya afya ya taifa), au kuingia kwenye tovuti yao, ukasema dawa za kudumu zimekwisha na kliniki imefungwa. Watakuelekeza kwenye famasi iliyo wazi, hata ikiwa Jumapili jioni. Ukipitia 111, malipo ni yale yale ya agizo la kawaida, na kwa mama maana yake ni bure, nitaeleza mbele. Ukijiendea mwenyewe, famasi inaweza kukutoza bei yake. Wagonjwa wa dawa kali zinazodhibitiwa, kama mofini, wajue kwamba hizo hazitoki kwa njia hii.

Akizipata, aendelee na dozi yake ya kawaida. Asimeze viwili viwili kufidia siku zilizopita. Wengi wanafanya hivyo kwa nia njema, na presha inashuka hadi mtu anaanguka bafuni. Amlodipini ina tabia ya kukaa mwilini, siku moja ikikosekana mtu huenda asihisi kitu, lakini siku nne ni nyingi. Na zipo dawa za watu wengine ambazo kuzikatisha ghafla ni hatari kubwa kuliko hii: za kifafa, bisoprololi ya moyo, prednisoloni iliyotumika kwa muda mrefu. Mwenye hizo asisubiri hata kesho. Na yeyote akiumwa kifua, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea au maneno yakavurugika, hapo ni 999, namba ya dharura, habari ya dawa kuisha iwekeni kando.

Sasa tuje kwenye mzizi.

Kule nyumbani mama alizoea kwenda kliniki na daftari lake, tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu. Zikipungua katikati, anakwenda duka la dawa na boksi tupu, muuzaji analisoma, anamkatia karatasi moja ya vidonge, mambo yamekwisha. Hapa boksi tupu halifungui mlango. Famasi haina mamlaka ya kumwendelezea mtu dawa za presha kwa sababu tu ilimpa mwezi uliopita. Kila mwezi inahitaji agizo jipya lililosainiwa, na agizo halijizalishi lenyewe mpaka mtu aliombe.

Kwa hiyo kuna safari mbili, na ninyi mnazichanganya kuwa moja. Ya kwanza ni ombi lenu kwenda kliniki. Ya pili ni agizo la daktari kutoka kliniki kwenda famasi. Kliniki nyingi huomba siku mbili za kazi kwa safari ya kwanza, na famasi nayo inahitaji siku moja au mbili, mara nyingine zaidi, kuandaa mfuko. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Ombi la Alhamisi jioni laweza kuwa dawa ya Jumatano, na hapo hakuna aliyekosea.

Mpokea simu akikwambia "tumeshatuma", usikate simu hapo. Muulize kwa upole: limesainiwa siku gani, lina dawa ngapi, na limekwenda famasi ipi? Maswali matatu tu. Utashangaa majibu yake. Mara nyingi "tumeshatuma" maana yake ni kwamba wao wameshaliweka kwenye foleni ya daktari kusaini, na daktari bado. Mara nyingine limekwenda kweli, lakini famasi nyingine kabisa. Hili la pili ndilo ninalolihisi kwenu zaidi. Karibu maagizo yote ya England sasa yanakwenda kwa elektroniki, na wagonjwa wengi wana famasi moja waliyoichagua katika mfumo wa NHS. Mama alipojiandikisha mwezi wa tano, yawezekana mtu wa mapokezi alimwekea famasi iliyo karibu na kliniki, au ninyi wenyewe mlijaza fomu ya famasi ya mtandaoni mkasahau. Wewe unasimama famasi ya mtaani kwenu, mfuko wa mama umekaa kwenye rafu nyingine maili mbili mbele, na kila mtu anakwambia ukweli wake.

Suluhisho lake ni dakika tano. Nenda famasi mnayoitaka, mwambie mhudumu kwamba mama anataka wao ndio wawe famasi yake, watamwomba ridhaa, kwa sahihi au kwa kutamka, wataibadilisha hapo hapo. Kwenye programu ya NHS pia mnaweza kuiona na kuibadilisha wenyewe. Na kama kuna agizo lililokwama, mwombe mfamasia alitafute kwenye mfumo kwa namba ya NHS ya mama, ile ya tarakimu 10. Akisema "hakuna kilichofika kwetu", anazungumzia vilivyotumwa kwake tu. Akitafuta kwa namba, anaweza kuona agizo liko wapi. Likiwa limeshashushwa na famasi nyingine, hao waombwe walirudishe kwenye mfumo, nao wanaweza.

Kuna jambo la pili ninalolishuku, na hili wageni wengi hawaambiwi. Mtu akija kutoka nje, faili lake la matibabu haliji naye. Daktari wa kwanza kumwona humwandikia dawa za mwezi mmoja ili asikwame, lakini kama agizo la mara moja. Kuziingiza kwenye orodha ya dawa za kudumu husubiri vipimo: damu ya figo kwa ajili ya losatani na metformini, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, presha yenyewe. Kama mama hajapimwa, au kapimwa na hakuna aliyerudi kulimaliza, basi kila mwezi mnaomba kitu ambacho kwenye mfumo hakipo. Ombi linaangukia kwa daktari kama jambo jipya, linakaa.

Namna ya kujua ni kutazama kikaratasi cha kuagizia. Zamani kilikuwa nusu ya kulia ya ile karatasi ya kijani ya daktari, unaichana na kuitunza. Siku hizi mara nyingi kinatoka famasi, karatasi nyeupe iliyokunjwa imetumbukizwa ndani ya mfuko pamoja na boksi, na watu huitupa wakidhani ni risiti. Kifungue. Utaona jina la mama, majina ya dawa, na pembeni ya kila dawa kijisanduku cha kuwekea alama. Chini mara nyingi pana tarehe ya mapitio. Dawa zote nne zikiwepo, dhana yangu imekosea. Zikiwepo mbili, au kikaratasi hakipo kabisa, piga simu kliniki uombe miadi ya mapitio ya dawa na mfamasia wa kliniki. Tumia maneno hayo hayo. Usiombe miadi ya daktari, utasubiri zaidi, na kazi hii kwa kliniki nyingi ni yetu sisi wafamasia.

Kwenye miadi hiyo ombeni mkalimani wa Kiswahili, NHS hailipishi. Najua wewe unaweza kutafsiri. Lakini mama akiwa na mtoto wake pembeni hatasema kila kitu, na kuna mambo yatakupita wewe pia. Njooni na dawa zote alizonazo, za hapa na za Tanga, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa. Nyumbani vidonge vya mchanganyiko ni vya kawaida, losatani na dawa ya maji, ile ya kukojoza, zimo ndani ya kidonge kimoja, na daktari wa hapa akiandika "losatani" tupu, dawa ya maji imedondoka njiani bila mtu kuamua. Ukiona presha ya mama imepanda tangu aje, hilo litazamwe kabla ya kuongezewa kitu kingine. Na kama anafunga Ramadhani, lisemeni mapema, wiki sita hadi nane kabla, ili dozi ya metformini ipangwe na futari na daku.

Baada ya hapo mpango wa kila mwezi ni mwepesi, ila mnatakiwa kuubeba wenyewe. Maboksi ya amlodipini, losatani na atovastatini ya hapa yana vidonge 28, karatasi mbili za 14. Msihesabu kwa tarehe za mwezi, maana siku 28 hazilingani na mwezi na kila mara mtajikuta mmechelewa. Hesabuni kwa karatasi. Mama akifungua karatasi ya pili, mnajua zimebaki wiki mbili. Akiifikisha nusu, vimebaki saba, siku hiyo ombi linakwenda. Mimi huwaambia watu wachore mstari kwa kalamu nyuma ya karatasi ya pili, katikati, kwenye foili. Mama asiyesoma Kiingereza, asiyetaka simu, mstari anauona. Kabla ya Krismasi na Pasaka ongezeni siku nne tano. Lakini msikimbilie kuomba zikiwa zimebaki wiki tatu, kompyuta itakataa kwamba ni mapema mno na ombi litazama huko.

Metformini ndiyo huharibu hesabu, kwa sababu inanywewa mara mbili kwa siku na maboksi yake hayafanani na mengine. Nyumba nyingi zina dawa moja inayoisha tarehe 3, nyingine tarehe 11, nyingine tarehe 20, na mtu anaishi kwenye foleni. Mwambieni mfamasia wa kliniki azilinganishe ziishe siku moja. Ataandika idadi ya ajabu mara moja tu, vidonge 19 hapa, 34 pale, na kuanzia hapo zote zinatembea pamoja.

Kuomba kwenyewe kuna njia mbili za kutegemea: programu ya NHS, au kikaratasi kilichowekwa alama na kutumbukizwa kwenye sanduku la kliniki. Simu kliniki nyingi hazipokei kwa maombi ya dawa, kwa sababu majina ya dawa yanafanana masikioni na makosa yameshatokea. Wewe unaweza kumwombea mama kupitia simu yako mkijaza fomu ya uwakilishi pale mapokezi, kwa ridhaa yake. Msitumie nywila yake kinyemela. Fomu ikiwepo, hata siku umelazwa wewe, kliniki inajua nani ana haki ya kuulizia. Zamani famasi zenyewe ziliwaombea wagonjwa, na sehemu nyingi utaratibu huo umesimamishwa kwa sababu dawa zilikuwa zinarundikana majumbani. Kama famasi yenu bado inafanya, waulizeni wazi wazi: mnamwombea, au tunaomba wenyewe? Nimeona nyumba ambayo kila upande uliamini mwenzake ameomba.

Presha na sukari vikishatulia, muombeni daktari utaratibu wa agizo la kujirudia la elektroniki. Daktari anasaini mara moja maagizo ya hadi miezi 12, yanakaa kwenye mfumo, na famasi inayatoa moja moja kila tarehe ikifika. Hapo huombi kitu kliniki. Mfamasia tu atakuuliza kila mwezi kama kuna dawa iliyobadilika au shida mpya. Kwa mgonjwa aliyetulia naona ndio utaratibu bora kuliko yote, na inanisikitisha kwamba wanaoujua ni wachache. Kwa mama bado, mpaka dozi zikae sawa.

Nije kwenye rangi. Mama ana haki ya kukataa kumeza asichokijua, na mimi simlaumu hata kidogo. Miaka kadhaa nyuma alikuja kwangu mama mmoja wa makamo, miguu imevimba, viatu vya kuvaa hana tena isipokuwa ndala. Nilimwomba aniletee dawa zake. Akaja na kopo la biskuti, la bati, lenye picha ya maua. Nikamimina juu ya meza. Mlikuwa na amlodipini ya kampuni mbili, boksi moja la buluu na jingine la kijani, na yeye alikuwa anakunywa kidonge cha buluu asubuhi na cha kijani usiku, miezi miwili mfululizo. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kimoja. Amlodipini kuvimbisha vifundo vya miguu ni jambo linalojulikana, na yeye alikuwa akinywa dozi mara mbili. Tulipoondoa boksi moja, baada ya wiki chache miguu ikarudi.

Kwa hiyo kaa na mama mezani, mchana kukiwa na mwanga, muweke boksi la zamani na jipya sambamba. Jina kubwa la rangi na nembo ni la kampuni, lipuuzeni. Tafuteni jina la dawa yenyewe, amlodipine, herufi kwa herufi, halafu nguvu yake, 5mg au 10mg. Vikilingana vyote viwili, ndicho kile kile alichokuwa akinywa. Rangi na umbo ni uamuzi wa kiwanda, na famasi hununua kwa kiwanda chenye bei nafuu mwezi huo. Kisha maboksi ya zamani yaliyobaki matupu yatoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo, mkiacha lile moja la kuonyesha lebo. Kuna kitu kimoja cha kuangalia kwa macho makali: metformini. Ipo ya kawaida na ipo inayoyeyuka polepole, na kwenye boksi tofauti yake ni herufi mbili tu, MR au SR, au maneno prolonged release. Herufi hizo zikitokea au zikitoweka ghafla, msimeze, rudini famasi mkaulize. Hiyo ni tofauti ya kweli. Na ukiona mama bado ana wasiwasi, mwombeni mfamasia aandike kwenye kumbukumbu zake kampuni anayoizoea. Hawezi kuahidi kila mwezi, lakini wengi tunajitahidi kwa wazee. Wanaotumia lithiamu, waliopandikizwa figo na baadhi ya wenye kifafa wao wana sababu ya kidaktari ya kushikilia kampuni moja, na daktari huandika jina la kampuni kabisa.

Pesa sasa. Mama hatadaiwa. England kila aliyetimiza miaka 60 anachukua dawa bure, na kwa kuwa tarehe yake ya kuzaliwa iko kwenye agizo, haulizwi hata cheti. Hata angekuwa na miaka 50 angesamehewa, kwa sababu anakunywa dawa za kisukari, ila hapo angehitaji kadi ya msamaha, fomu yake inatoka kliniki, nayo hudumu miaka mitano. Kadi hiyo humfutia malipo ya dawa zake zote, siyo za sukari peke yake. Nalisema hili kwa ajili ya wasomaji wengine, maana kila mwezi nakutana na mwenzetu wa miaka arobaini na kitu, ana sukari, na amekuwa akilipa muda wote.

Wewe ndiye unayeumia. Pumu haimo katika orodha ya magonjwa yanayosamehewa. Orodha ile iliwekwa 1968 na haijaguswa kwa maana yoyote tangu hapo, isipokuwa saratani iliyoongezwa 2009. Mimi naona ni dhuluma, mtu kulipia pumzi yake, na nitaendelea kulisema. Wales walifuta malipo yote 2007, Ireland ya Kaskazini 2010, Scotland 2011. Hapa England tangu Mei 2024 ni pauni 9.90 kwa kila dawa, na hesabu ni ya dawa, haijalishi zimeandikwa kwenye agizo moja. Nunua cheti cha malipo ya awali cha NHS: pauni 114.50 kwa mwaka, au 32.05 kwa miezi mitatu, na kile cha mwaka unaweza kukilipa kidogo kidogo kwa awamu kumi. Ukichukua dawa mbili kila mwezi, kwa mwaka unalipa pauni 237.60. Na cheti ni chini ya nusu ya hizo. Kuanzia dawa 12 kwa mwaka kinalipa. Ukilipia kitu kabla cheti hakijaanza, omba risiti ya kurejeshewa pale pale kaunta, ukishaondoka hawawezi kukupa.

Lakini niruhusu niingilie. Kama moja ya hizo mbili ni pampu ya buluu, ile ya kutuliza pumu ikibana, na unaichukua kila mwezi, pumu yako haijadhibitiwa. Pampu tatu za buluu kwa mwaka mzima tayari ni dalili ya kumwona muuguzi wa pumu. Unamuuguza mama, na hakuna anayekutazama wewe. Chukua miadi wiki hii.

Safari ya Tanga isikutishe. Wiki sita zimo ndani ya uwezo wa kliniki, kwa kawaida hutoa dawa za hadi miezi mitatu kwa mgonjwa wa kudumu anayesafiri, ingawa si lazima watoe. Anayekusudia kukaa nje zaidi ya miezi mitatu huondolewa kwenye orodha ya kliniki, na kule alipo atajitegemea. Peleka ombi wiki nne kabla, kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na uliza famasi kama wana akiba ya kutosha. Dawa zote ziende kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake yenye lebo, pamoja na nakala ya kikaratasi cha kuagizia. Begi likipotelea kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, mama bado ana dawa zake begani. Mkipitia Dubai na kuna mtu ana tramadoli au dawa nyingine kali ya maumivu, kwanza atazame masharti ya kule, maana kule inadhibitiwa.

Na ndugu wataomba. Shangazi ana presha, jirani ana sukari, na dawa za Ulaya zinasifiwa. Usimgawie mtu losatani ya mama. Hujui figo zake, hujui kama ana mimba, na mama mwenyewe atabaki na wiki mbili pungufu akiwa mbali na kliniki yake. Amlodipini iliyopo kwenye maduka ya dawa ya Tanga ni dawa ile ile kwa jina na kwa kazi. Ukitaka kuwasaidia, wapeleke wapimwe, ulipie wewe.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla ya lolote, uliza mambo mawili: famasi ya mama kwenye mfumo ni ipi, na dawa zake nne ziko kwenye orodha ya kudumu au bado ni za mara moja? Ukipata majibu niandikie tena, na unitajie tarehe ya mapitio iliyoandikwa chini ya kikaratasi.